Feni za banda Malindi: upepo wa bure, kasi moja, kasi ya kubadilika au sola?

Kila mwaka kuanzia mwisho wa Februari simu yangu hailali. Upepo wa kaskazi umeanza kulegea, wa kusi haujaingia, na katikati yake yanaingia yale majuma ya maleleji ambapo hata ukuti wa mnazi hautikisiki. Jua nalo liko utosini. Malindi iko nyuzi kama 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi jua la saa sita hupita wima juu ya mapaa yetu. Mabati yanachoma, kuku wameachama midomo na kutandaza mabawa, na mfugaji ananiuliza: "Fundi, nichukue feni gani?"

Siku hizi swali hilo limeota mkia. Watu wameona feni zinazopandisha na kushusha kasi zenyewe kulingana na joto la banda, na wanataka kujua kama inafaa kuongeza pesa kwa ajili hiyo. Nimefunga feni kwenye mabanda ya Ganda, Kakuyuni na Mambrui, na nimeitwa tena zilipokufa. Nitazilinganisha njia nne hapa, kila moja kwa maswali yaleyale. Ila kwanza maswali yenyewe, maana mengi kati yake muuzaji hakuulizi.

Mambo ya kupimia

Swali la kwanza na zito kuliko yote: nani anaishi ndani?

Nchi za baridi feni hubadilishwa kasi kwa sababu hewa ya nje hubadilika sana, theluji miezi fulani na joto miezi mingine. Kwetu si hivyo. Usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 22 hivi za Selsiasi, mchana wa Machi unapanda 31 au 32. Ni tofauti ya nyuzi kumi tu kwa mwaka mzima. Anayebadilika Malindi ni kuku mwenyewe. Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 hivi na anataka nyuzi 32 hadi 34. Huyo huyo, akiwa kuku wa nyama wa majuma matano, ana kilo 2 na angependa nyuzi chini ya 24, ambazo mchana wetu hauna.

Tazama hesabu yake. Wakati wa joto kali, kuku wakubwa huhitaji karibu mita za ujazo 5 hadi 7 za hewa kwa saa kwa kila kilo ya uzito hai. Wakati wa kulea vifaranga, chini ya mita 1 ya ujazo kwa kilo inatosha. Chukua kuku 500. Siku ya kwanza wote pamoja wana kilo 20, wanahitaji mita za ujazo zisizofika 20 kwa saa. Juma la tano wana kilo 1,000, wanahitaji 5,000 hadi 7,000. Banda ni lilelile, na zimepita siku 35 tu. Shika hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kasi ya kubadilika ina kazi kwako au haina.

Sasa ng'ombe wa maziwa. Wataalamu hutumia kipimo kinachochanganya joto na unyevu, na ng'ombe wa kizungu huanza kuumia kipimo hicho kikifika 72 au hata kabla. Mchana wa nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75, siku ya kawaida kabisa hapa, unatoa 79. Mchana wa Machi unapita 83. Hata usiku wa Julai uko karibu na 70. Kwa maneno mengine ng'ombe huyu karibu kila mchana wa mwaka anataka upepo wote unaoweza kumpa. Kushusha kasi ya feni yake kuna faida ndogo.

Maswali mengine ni mafupi. Stima ikipotea, wanyama wana muda gani? Chumvi ya bahari na amonia (ile hewa kali ya kinyesi) ya banda zitakula nini kwanza? Fundi wa kwenu anaweza kuitengeneza, na kipuri kinapatikana Malindi mjini au mpaka kiagizwe Mombasa? Na pesa: ya kununua ni moja, ya tokeni kila mwezi ni nyingine.

Kitu kimoja nakitoa kwenye mizani mapema. Wengine huuziwa mitambo ya kupoza hewa kwa maji, kuta za kulowesha au mipira ya kupuliza ukungu. Maji hupoza hewa yanapokauka, na hewa yetu imeshiba unyevu tayari, mara nyingi asilimia 70 hadi 80 na zaidi. Ukungu unaning'inia, maranda ya sakafuni yanalowa, amonia inapanda. Kwa pwani, mwendo wa hewa ndio dawa. Kuku hatoki jasho. Anahema tu, na upepo unaopita juu ya mwili wake humsaidia kutoa joto hata kama hewa yenyewe ni ya nyuzi 31.

Njia ya kwanza: upepo wa bure, banda wazi na mapazia

*Hewa.* Banda zuri la upepo limelala mashariki kwenda magharibi ili jua la asubuhi na jioni lipige ncha tu, halijafika mita 10 kwa upana, lina ukuta mfupi wa sentimita 40 hivi, kisha waya mtupu hadi chini ya paa, na juu mgongoni kuna uwazi wa kutolea joto. Ukijenga hivyo, kusi ikivuma toka Mei hadi Septemba huhitaji kitu kingine kwa kuku wakubwa. Paa la makuti lina nafuu kubwa kuliko mabati, ingawa sipendi kuliona juu ya jiko la makaa la kulelea vifaranga.

Pazia ndilo "feni ya kasi ya kubadilika" ya banda hili. Lishikishe chini, lifunguke kutoka juu, ili vifaranga wapate hewa mpya bila kupigwa na upepo. Wengi hufanya kinyume, wakakunja turubai kutoka chini, na vifaranga wote wanajazana kona moja wakikwepa baridi.

Udhaifu ni maleleji. Siku upepo ukifa, njia hii haina la kukupa.

*Stima.* Haitumii. Ikipotea hujui.

*Chumvi na ufundi.* Waya wa kuku huliwa na kutu haraka ukiwa karibu na ufuo kama Mayungu. Lakini kubadilisha waya si kazi ya kumwita fundi.

*Inamfaa nani.* Mfugaji wa kuku wa kienyeji, wa mbuzi, wa kuku wa mayai mia mbili tatu waliopewa nafasi, na yeyote aliye mahali pa upepo. Pia mtu ambaye hayupo nyumbani mchana na hana wa kumwachia banda.

Njia ya pili: feni za kasi moja, zinazowashwa kwa hatua

*Hewa.* Hapa kuna kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya. Kuna feni ya kuzungusha hewa ndani ya banda wazi, na kuna feni ya kutoa hewa nje ya banda lililofungwa.

Ya kuzungusha inaning'inizwa juu kidogo ya wanyama ikiinamishwa. Upepo wake hufika umbali wa kama mara kumi ya upana wa duara lake, kwa hiyo feni ya inchi 36 itahudumia mita 9 hivi, kisha unahitaji nyingine mbele yake ikielekea uleule upande. Feni mbili zinazotazamana ni kazi bure.

Ya kutoa hewa ni ya banda lililozibwa pande. Kabla hujaziba, piga hesabu. Banda la upana wa mita 6 na kimo cha wastani cha mita 2 na nusu lina uwazi wa mita za mraba 15. Ukitaka upepo wa mita 2 kwa sekunde upite juu ya kuku, unahitaji mita za ujazo 30 kila sekunde, yaani 108,000 kwa saa. Hizo ni feni tatu kubwa za inchi 50. Kwa mfugaji wa kuku 500 haina maana yoyote. Abaki na banda wazi na feni mbili za kuzungusha.

Kasi moja haimaanishi kiasi kimoja cha hewa. Ukiwa na feni tatu, ya kwanza iwashwe na themostati (swichi inayosoma joto) ikifika nyuzi 26, ya pili 28, ya tatu 30, tayari una hatua tatu. Kwa vifaranga unaweka taima: feni ndogo inafanya kazi dakika 1, inalala dakika 4. Ni njia ya zamani na bado ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba ile dakika moja feni inavuma kwa nguvu zote, na vifaranga wa juma la kwanza wanausikia upepo huo kama kofi. Kinga kwa ubao mbele ya feni inasaidia.

*Stima.* Feni ya wati 370 ikifanya kazi saa 12 inakula uniti 4 na nusu hivi. Ziko tatu, ni 13. Kuna nafuu kwamba usiku wa baridi mbili kati ya hizo zitakuwa zimezimwa. Ikipotea stima, zote zinasimama pamoja.

*Chumvi na ufundi.* Hapa ndipo njia hii inaposhinda moyo wangu. Mota ni ya kawaida, kapasita ni ya bei ndogo, beringi zinapatikana, na fundi yeyote anayesuka mota anaijua. Moja ikifa una mbili. Chagua mapanga ya plastiki au alumini badala ya bati, mota iliyofungwa isiyopenya vumbi, na ufute mapanga kila juma. Vumbi la maranda likichanganyika na chumvi huwa kama ugali uliokauka, na feni iliyoshikwa hivyo inazunguka kwa kelele huku hewa haitoki. Kama kisima chako kina maji ya chumvi usikioshee feni. Tumia kitambaa na maji baridi ya tangi.

*Inamfaa nani.* Ng'ombe wa maziwa, bila shaka. Kuku wa mayai waliokua. Na mfugaji wa kuku wa nyama anayelea vifaranga kwenye chumba kando kisha akawahamisha.

Njia ya tatu: feni za kasi ya kubadilika

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Jina ni moja lakini vitu ni vitatu.

Cha kwanza ni *regulata ya volteji*, ndugu ya ile ya pangaboi la sebuleni ila hii inasoma joto na kujipandisha yenyewe. Ni ya bei nafuu. Inafanya kazi na mota ya fezi moja ambayo kapasita yake inabaki kazini wakati wote. Mota yenye swichi ya ndani ya kukata kapasita haiifai kabisa: ukiipunguza kasi swichi hurudi, waya za kuanzishia hubaki na stima, na baada ya muda unanusa harufu ya kuungua. Nimefungua mota nyingi za namna hiyo, na mwenyewe niliunguza moja nilipokuwa bado najifunza. Duka niliponunua regulata hawakuniuliza mota yangu ni ya aina gani, nami sikujua kuuliza. Hata kwa mota inayofaa, usishuke chini ya nusu ya kasi. Inaguruma, inapata joto, na feni yake ya kujipoza nayo imepungua nguvu.

Cha pili ni *inverta ya masafa*, ile inayobadilisha hezi (mara ambazo stima hugeuka kwa sekunde) badala ya volteji. Hii inataka mota ya fezi tatu. Wengi husikia fezi tatu wakakata tamaa wakidhani lazima waletewe laini mpya. Si lazima. Inverta ndogo, hadi kilowati 2 hivi, zipo zinazoingiza fezi moja ya volti 240 na kutoa fezi tatu kwa mota. Soma kibao cha mota: kikiandika 230/400, mota hiyo iungwe kwa delta, yaani waya zake ziungwe kwa pembetatu. Fundi akiiunga kwa nyota itazunguka bila nguvu na utalaumu inverta.

Cha tatu ni *mota ya EC*, isiyo na brashi, ambayo kidhibiti chake kimejengwa ndani. Inashuka kasi ya chini kuliko zote, haigurumi, na inakula stima kidogo. Ni ghali, na ikifa kadi yake ya ndani kwa kawaida unanunua mota nzima.

*Hewa.* Uzuri wake unaonekana kwa vifaranga wa juma la pili hadi la nne. Badala ya dakika ya kimbunga na dakika nne za kimya, banda linapata pumzi moja ya polepole isiyokatika, na themostati inaipandisha kadiri mchana unavyopanda. Unyevu wa maranda unatoka, amonia haipandi. Ukiweza kuisikia amonia puani, kuku wako wamekwisha kuanza kuumia macho na mapafu. Ukilelea kwa jiko la makaa, hewa hii ya chini isiyokatika inaokoa uhai kwa njia nyingine: moshi wa makaa usioonekana huua vifaranga, na mtu aliyelala nao pia.

Lakini rudi kwenye ile hesabu yetu, kutoka mita za ujazo 20 hadi 7,000. Feni ya regulata inashuka nusu tu. Ya inverta inashuka hadi asilimia 40 hivi bila shida. Hakuna inayoweza kushuka mara mia tatu. Kwa hiyo hata aliyenunua kasi ya kubadilika bado anahitaji feni ndogo yenye taima kwa siku za mwanzo. Anayekuambia feni moja kubwa itafanya yote kuanzia siku ya kwanza hajalea vifaranga.

Kuna na shida ya upepo wa nje. Nguvu ya feni ya kusukuma hewa inapungua haraka kuliko kasi: kwa nusu ya kasi inabaki robo ya msukumo. Kusi ikipiga usoni mwa feni ya kutoa hewa inayozunguka polepole, hewa inarudi ndani.

*Stima.* Hapa sifa ni za kweli, ila si kwa vyote vitatu. Feni inapopunguzwa kasi, hewa hupungua sawasawa na kasi, lakini stima inayohitajika hupungua kwa mchemraba wake. Kwa asilimia 80 ya kasi inatumia karibu nusu ya stima. Kwa nusu ya kasi, sehemu moja ya nane. Ndiyo maana feni mbili zinazozunguka nusu nusu zinatoa hewa sawa na moja inayokimbia kwa robo tu ya stima yake. Feni ya inchi 50 ya kilowati 1.1 ikikimbia saa 24 inakula uniti 26. Kwa asilimia 80 ni kama 13 na nusu. Akiba hii utaipata kwa inverta na EC, pungufu kidogo kwa sababu mitambo yenyewe inakula chake. Kwa regulata ya volteji ni ndogo kuliko hesabu ya karatasi, maana sehemu ya stima inageuka joto ndani ya mota.

Ng'ombe sasa: feni inayotakiwa kukimbia mchana kutwa haina kasi ya kupunguza, na pasipo kupunguza hakuna akiba.

*Chumvi na ufundi.* Inverta usiiweke ndani ya banda. Amonia na chumvi zitazila kadi zake kimyakimya. Ifunge ukutani nje, kivulini, ndani ya sanduku lisilopenya vumbi lakini lenye nafasi ya kupoa. Iwekee mpangilio wa feni, ule unaoshusha volteji haraka kuliko hezi, na kikomo cha chini cha hezi 20. Waya wa kuelekea kwenye mota uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Athi iwe ya kweli, ya fimbo ardhini. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aliyewahi kuipanga inverta, si kila msuka mota anaijua. Kipuri huenda ukakisubiri, kwa hiyo weka swichi ya kuruka regulata, feni iende bila kuipitia, au, kwa inverta, feni moja ya kasi moja pembeni.

*Inamfaa nani.* Mfugaji wa kuku wa nyama wa kuanzia elfu moja hivi anayelea na kukuza ndani ya banda lilelile, kundi baada ya kundi, na ambaye ana mtu wa kulikagua kila siku. Kadiri mabanda yanavyoongezeka ndivyo inverta inavyojilipa.

Njia ya nne: feni za sola

*Hewa.* Hizi ni feni za DC, stima ya namna ya betri, za volti 12 au 24, wati 30 hadi 60 hivi. Ukiiunga moja kwa moja na paneli, kasi yake inabadilika yenyewe: asubuhi polepole, saa sita kwa nguvu, wingu likipita inatulia. Kwa joto la jua juu ya bati ni ulinganifu mzuri kuliko themostati nyingi. Hewa yake ni ndogo kuliko ya feni za stima, kwa hiyo ni za kuzungusha, si za kusukuma hewa kutoka banda zima.

*Stima.* Jua likizama inalala, na usiku wa Machi bado una joto. Hesabu ya betri: feni ya wati 60 kwa saa 10 za usiku ni wati-saa 600. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina 1,200, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu. Yaani betri moja kwa feni moja kwa usiku mmoja. Kuijaza, pamoja na kuendesha feni hiyo mchana, andaa paneli za wati 350 hivi. Wengi huuziwa paneli ya wati 100 na betri ya pikipiki, wakisema sola ni uongo kumbe walipunjwa hesabu.

*Chumvi na ufundi.* Viungo vya waya hugeuka kijani haraka hapa, vipake grisi na uvifunge. Mota ni rahisi. Paneli zifutwe, hasa pande za Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi.

*Inamfaa nani.* Mabanda ya ndani yasiyo na laini, kama sehemu za Jilore na Kakoneni, na mtu yeyote mwenye stima anayetaka feni moja isiyozimika laini ikikatika mchana.

Linalowahusu wote

Banda langu la kwanza nililiziba pande zote nikaamini feni mbili. Kuku 300 wa nyama, majuma matano, mnunuzi ameshapatikana. Stima ilipotea saa 8 usiku, Machi, upepo hakuna. Niliamka alfajiri na kimya cha banda kilinijulisha kabla sijafungua mlango. Tangu siku hiyo sifungi feni kwenye banda ambalo mtu mmoja hawezi kulifungua pande zote kwa mkono ndani ya dakika tano. Na naweka kengele: rilei, swichi ndogo inayoshikiliwa na stima ya banda, ikiachia inawasha king'ora cha betri kando ya kitanda. Ni kifaa kidogo, na mteja asiyekitaka namwambia kwa heshima atafute fundi mwingine.

La pili ni mwelekeo. Vitabu husema weka feni ya kutoa hewa upande usiopigwa na upepo, lakini upepo wetu hugeuka kwa msimu. Tazama vizuri: kusi inatoka kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina asili ya mashariki, baharini. Feni ikiwekwa kwenye ncha ya magharibi ya banda inasukuma kuelekea huko huko upepo unakoenda, miezi karibu yote. Umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka bara, ni mwepesi, hauishindi. Ila ncha hiyo inapigwa na jua la alasiri, kwa hiyo mota ipate kivuli.

Uchukue ipi basi

Kama una kuku wa kienyeji au wa mayai wachache na pesa ni kidogo, zitie kwenye banda kabla ya feni: inua paa, kata ukuta, shona mapazia. Mwaka wa pili ongeza feni moja ya sola au ya stima kwa ajili ya maleleji tu.

Una ng'ombe wawili hadi sita wa maziwa ndani ya banda? Feni za kasi moja juu ya walalapo na walishiwapo, themostati moja, na kivuli cha kweli. Pesa ya kubadilisha kasi inunulie tangi la maji ya kunywa karibu nao.

Kuku wa nyama 300 hadi 500, kundi moja moja: banda wazi, feni mbili za kuzungusha za kasi moja, chumba kidogo cha kulelea chenye feni ya taima. Ukitaka kuonja kasi ya kubadilika, regulata kwenye mojawapo inatosha, baada ya fundi kuikagua mota.

Elfu moja na kuendelea, mwaka mzima, banda lilelile kuanzia kifaranga: hapo naanza kuzungumza inverta au EC, pamoja na feni ndogo ya taima, feni moja ya akiba na jenereta. Lililozibwa kabisa bila jenereta sitalifunga, hata ukiwa na mota bora kuliko zote.

Unapoishi stima hupotea kila juma? Banda wazi kwanza, sola ya pili, na mengine baadaye.

Na kama bado umekwama, nunua kipimajoto kimoja, kining'inize kimo cha mgongo wa kuku, mbali na jiko. Andika joto saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku kwa majuma mawili ya Machi, na kando yake uandike umri wa kuku na kama upepo ulikuwepo. Njoo na karatasi hiyo kwa fundi, awe mimi au mwingine, na mwambie aanzie hapo.